Karatasi Waliyotaka Niigonge Muhuri

Nimekuwa mtendaji wa kijiji kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitumikia katika kijiji kilichokatwa katikati na barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro, upande wa Wilaya ya Chamwino. Naandika kwa ajili ya watendaji wenzangu, wenyeviti wa vitongoji na familia zinazoishi kando ya lami. Kuna jambo ambalo sikufundishwa kwenye semina yoyote: mtu wa baiskeli akigongwa akafa, habari yake inaweza kumalizwa kwa karatasi moja iliyochanwa kwenye daftari, na karatasi hiyo huletwa kwetu ili tuigonge muhuri.

Kwanza niwaeleze hao watu wa baiskeli ni akina nani, maana wengi wanaopita na magari huwaona kero tu. Ni wauza mkaa, wauza maziwa, vijana wa kuku wa kienyeji kwenye matenga, na msimu ukifika, wabeba zabibu. Anayepeleka mkaa mjini huondoka kijijini saa nane au saa tisa usiku ili mpaka kunapambazuka awe ameshafika Ihumwa au Nzuguni kwa wateja wake. Hupanga magunia mawili, wakati mwingine matatu, juu ya keria ambayo fundi ameiongezea nondo. Mzigo unampita kichwa. Hawezi kugeuza shingo akaona nyuma, na ile reflekta nyekundu iliyokuja na baiskeli kwenye mudigadi imefunikwa na gunia. Kwenye mwinuko anashuka na kusukuma.

Saa hizohizo ndizo malori ya makontena ya kwenda Rwanda, Burundi na Kongo yanapita mfululizo, na tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, nayo yamo kwenye giza lilelile. Lami imeliwa pembeni. Mahali pengine kati ya lami na udongo pameachwa ngazi ya kina cha kiganja. Mtu mwenye kilo mia na zaidi nyuma yake hawezi kushuka pale kwa ghafla akisikia honi. Akijaribu anayumba, na akianguka anaangukia upande wa magari. Ongeza upepo wa kiangazi, ule wa Juni hadi Septemba unaokata barabara. Trela refu likimpita linamkinga upepo kwa muda mfupi, kisha mkia wake ukishapita upepo unamrudia kwa nguvu. Wao wenyewe husema trela limewavuta.

Nilipokabidhiwa ofisi nilikabidhiwa na kabati la majalada. Jalada moja lilikuwa limeandikwa "Mengineyo". Humo, katikati ya malalamiko ya mbuzi na barua za kuomba viwanja, nilikuta makubaliano yaliyoandikwa kwa mkono, ya miaka tofauti na miandiko tofauti, lakini maneno karibu yaleyale: sisi familia ya marehemu tumepokea kiasi fulani cha fedha kutoka kwa mwenye gari kwa ajili ya mazishi, ajali ni mpango wa Mungu, hatuna madai tena. Chini pana sahihi ya kaka au baba mdogo wa marehemu, jina la shahidi, na muhuri wa kijiji. Nyingi zilihusu baiskeli. Baadhi hazikuwa hata na namba ya gari. Hakuna iliyosema gari lilikuwa kwenye mwendo gani, na hakuna niliyoikuta na sahihi ya mjane.

Nilizisoma jioni nzima, moja baada ya nyingine. Fedha zilizotajwa zilitosha jeneza, mchele na mafuta ya gari la kubebea maiti. Wale waliokuwa wakitegemewa na nyumba nzima walikuwa wamefungiwa ndani ya jalada la mambo yasiyo na jina.

Haikupita muda mrefu nikaletewa ya kwangu. Kijana wa mkaa, baba wa watoto wadogo, aligongwa kwa nyuma alfajiri na lori la trela, hatua chache baada ya kile kibao cha mwendo wa 50 cha kuingilia kijijini. Alifia njiani akipelekwa hospitali. Kabla hata siku ya mazishi haijapangwa, wanaume wawili walifika kwa niaba ya mwenye gari. Walikuwa watu wa adabu. Walivua kofia, wakakaa na wazee chini ya mwarobaini, wakatoa pole, mchele, mafuta ya kula na bahasha. Sina ubaya na hilo. Anayekuja msibani na mkono wa pole anapokelewa, ndivyo tulivyolelewa. Mchana wakaja ofisini wakiwa na kaka wa marehemu, wameshika karatasi.

"Mtendaji, tumeshaelewana na familia," alisema mmoja. "Tunaomba muhuri wako tu."

Nikauliza mke wa marehemu yuko wapi.

"Shemeji yuko ndani analia," kaka akanijibu. "Haya ni mambo ya ukoo, mtendaji."

Niliwaambia rambirambi waipokee, na kwamba niko tayari kuandika kuwa imepokelewa kama rambirambi, kwa kiasi chake na mbele ya mashahidi. Lakini maneno "hatuna madai tena" sitayagonga muhuri. Kesi ya kifo barabarani ni ya Jamhuri, hakuna kaka wala mjomba mwenye uwezo wa kuifuta. Na fidia ni haki ya mke, watoto na wazazi wa marehemu. Sheria ya Sura ya 310, inayogusa vifo vya namna hii, inawataja wao. Hayo niliyapata kwa msaidizi wa kisheria wa kata yetu, binti ambaye watu wengi walikuwa hawajui hata kazi yake ni nini. Nawashauri watendaji wote wamtafute wa kwao mapema, kabla msiba haujaingia.

Maneno yalikuwa mengi siku ile. Niliitwa mchonganishi, nikaambiwa nataka kuzuia maziko. Jioni mzee mmoja wa ukoo, mtu ninayemheshimu hadi leo, alikuja nyumbani kwangu.

"Mwanangu," aliniambia baada ya salamu ndefu za Kigogo, "hawa watu wakiondoka na hasira tutabaki na nini? Mtu wetu hatumfufui kwa karatasi za mahakama."

"Ni kweli, babu, hatumfufui. Ila mchele walioleta utaishia hapahapa msibani, na watoto wana miaka mingi ya kula."

Alinyamaza, akamaliza chai, akaaga. Kesho yake nikasikia amemwambia kaka wa marehemu asiweke sahihi popote mpaka shemeji yake atakapokaa kwenye kikao.

Kukataa kugonga muhuri ni jambo la dakika moja. Kazi yenyewe iko kwenye ushahidi, na hapo ndipo tunapopoteza zaidi. Watu wetu wana moyo. Ajali ikitokea wanakimbilia kusaidia. Wanambeba majeruhi, baiskeli inasogezwa, mkaa unaokotwa, lori linaegeshwa mbele ili lisizuie njia. Askari anapofika kutoka mbali anakuta barabara imeshasafishwa, naye anachora mchoro wa eneo la ajali kwa kusimuliwa. Anayesimulia vizuri ni dereva, kwa sababu mwenzake hayupo tena. Baiskeli haikuwa na taa. Ilikuwa katikati ya barabara. Iliyumba ghafla mbele ya gari. Maneno hayo matatu nimeyasikia mara nyingi, na mara nyingine huenda ni ya kweli, ila kumbukumbu ya tukio haiwezi kuwa ya upande mmoja.

Aliyenifungua macho ni fundi baiskeli wa kijijini. Baiskeli ya marehemu ilikuwa imeegemezwa nyuma ya ofisi yangu ikisubiri polisi waichukue. Fundi aliizunguka kwa muda mrefu bila kuigusa. Akanionyesha rimu ya nyuma iliyojikunja, uma wa mbele uliobaki umenyooka, keria iliyosukumwa mpaka kwenye siti. "Huyu kagongwa na kitu kilichokuja moja kwa moja nyuma yake," alisema. "Angekuwa anakata barabara, uma huu ungepinda." Kisha akachuchumaa. "Tazama pedeli ya kushoto, mtendaji. Imekula changarawe. Ya kulia haina mkwaruzo. Alikuwa pembeni kabisa, kaangukia nje ya lami."

Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa amepiga picha kwa simu kabla hakujakucha vizuri. Alizipiga kwa mshtuko tu, akazituma kwenye kundi la wenzake. Kwenye picha moja vumbi la mkaa lilionekana limeanzia nje ya mstari mweupe wa pembeni. Nilimpeleka yule kijana na fundi kwa askari mpelelezi, wakaandikisha maelezo yao, na baiskeli ikachukuliwa kuwa kielelezo badala ya kurudishwa kwa familia ikauzwe chuma chakavu. Mpelelezi aliwasikiliza vizuri na kuwauliza maswali mengi. Kabla ya hapo faili lake lilikuwa na maelezo ya dereva na utingo peke yao.

Tangu siku hiyo wenyeviti wangu wa vitongoji walikuwa na maelekezo ambayo tuliyarudia kila mkutano wa hadhara. Mtu abebwe mara moja, hilo halina mjadala, na PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ishughulikiwe huku akipelekwa kutibiwa. Vitu vibaki vilivyo mpaka vipigwe picha, kutoka pande zote mbili za barabara, pamoja na alama za matairi, na mtu azipime kwa hatua kama hakuna futi. Namba za gari ziandikwe zote. Hapa watu wengi hukwama: namba inayoonekana nyuma ya lori ni ya trela, na kichwa kina namba yake, na kila kimoja huwa na bima yake. Aliyeona namba ya nyuma peke yake ameona nusu. Picha ya stika ya bima kwenye kioo ipigwe, na jina lililoandikwa mlangoni. Lori la nchi jirani linaweza kuwa linatembelea kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya kuvuka mipaka, basi nayo iulizwe. Majina na simu za waliokuwepo yaandikwe palepale, kwa sababu baada ya wiki moja kila mtu atakuwa "alifika amekuta".

Lori likikimbia, bado halijapotea. Malori ya uzito wa zaidi ya tani tatu na nusu hupita mizani, na yanayoelekea Singida yana mizani ya Nala kupita nayo baada ya jiji. Kwenye mizani kuna kumbukumbu ya namba na saa. Basi la abiria lina kifaa cha ufuatiliaji kinachotuma mwendo wake LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu. Familia haiwezi kwenda kuyachukua maelezo hayo yenyewe, lakini inaweza kumwandikia mpelelezi kuomba ayatafute, ikabaki na nakala iliyopokelewa. Barua iliyogongwa muhuri wa kupokelewa ina uzito kuliko kumpigia mtu simu kila Jumatatu.

Dereva wa kesi ile alifikishwa mahakamani, akakiri kosa, akatozwa faini, akalipa na kuondoka. Familia iliumia sana. Kaka wa marehemu alinifuata kwa hasira: "Sasa hiyo faini imekwenda serikalini, sisi tumepata nini?" Ilinibidi nimweleze kwamba hukumu ile ndiyo iliyokuwa inasubiriwa na kampuni ya bima.

Kijijini kwetu watu waliamini bima ni ya kutengenezea gari la tajiri. Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza gari kutembea barabarani bila bima ya kumlinda mtu mwingine, yaani hasa yule aliye nje ya gari: mwenda kwa miguu, mwenye baiskeli. Unaweza kuhakiki kwa simu, ukaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, ukaona imekatwa kampuni gani na inaisha lini. Nilipomwonyesha mjane kwenye simu yangu, alikaa kimya kidogo kisha akauliza, "Kwa hiyo wale waliokuja na bahasha walikuwa wanalijua hili?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Karatasi zilizotakiwa zilituchosha. Cheti cha kifo cha RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Muhtasari wa kikao cha ukoo uliompendekeza mjane kuwa msimamizi wa mirathi, na kikao chenyewe kilivunjika mara moja kabla ya kukubaliana. Uteuzi wa Mahakama ya Mwanzo. Nakala ya hukumu, mchoro wa ajali, ripoti ya ukaguzi wa lori. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ambavyo havikuwepo, tukaanza navyo upya. Kila safari ya mjini ilikuwa na nauli, na mjane hana shamba la kuuza. Vikundi vya kuweka na kukopa vya akina mama wa kijiji ndivyo vilivyomkopesha bila riba. Hilo sitalisahau.

Kampuni nayo ilisema marehemu hakuwa na taa, kwa hiyo alijitakia. Msaidizi wa kisheria alituandikia majibu: kama marehemu alichangia, fidia inapunguzwa kwa kadiri ya mchango wake, haifutwi, na Sura ya 310 inalishughulikia hilo. Aliambatanisha picha ya vumbi la mkaa nje ya mstari. Aliwaeleza pia kwamba tukishindwana tutakwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Hatukufika huko. Walilipa, wakiwa wamekata sehemu. Fedha zilimfikia mjane wakati mtoto wake wa kwanza ameshaacha shule na kwenda kuchunga ng'ombe za watu. Wadogo zake walisoma.

Baada ya hapo nilirudi kwenye jalada la "Mengineyo". Madai ya aina hii kwa kawaida yana ukomo wa miaka 3, kwa hiyo nilianza na karatasi za karibuni. Familia moja ilikuwa bado ndani ya muda, tukaifungulia njia. Kwa nyingine muda ulikuwa umeshapita. Kuna mama mmoja mzee nilikwenda kumweleza mwenyewe, maana niliona si haki alisikie kwa watu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama ninataka maji ya kunywa.

Sasa nije kwenye kudhibiti mwendo, kwa sababu fidia huja mtu ameshazikwa. Niliyachukua yale makubaliano ya zamani, nikawauliza wazee na wajane kila kifo kilitokea saa ngapi na gari lilitoka upande gani, nikaandika kwenye karatasi ya manila. Picha iliyojitokeza ilikuwa wazi kuliko nilivyotegemea. Alfajiri waliokufa waligongwa kwa nyuma, gizani, wakielekea mjini. Jioni waligongwa kwa mbele, wakirudi. Barabara yetu inakwenda mashariki na magharibi: saa kumi na moja na nusu jioni, dereva anayekwenda Dodoma jua linampiga usoni. Anapotoka kulipita lori lililo mbele yake, anaingia upande wa wanaorudi vijijini na hawaoni. Mwenye baiskeli anamwona vizuri kabisa, jua likiwa mgongoni kwake, ila hana pa kukimbilia.

Trafiki wetu walikuwa wanasimama na tochi ya kupimia mwendo kuanzia saa nne asubuhi, barabara ikiwa nyeupe. Madereva wanawashiana taa kuonyana. Wakifika wanakwenda 50, wakishapita wanakanyaga. Aliyekamatwa analipa faini ya shilingi 30,000 na safari inaendelea. Siwadharau askari wale. Kuna kazi wanayoifanya na jua la Dodoma mnalijua. Lakini saa zao na saa za vifo vyetu zilikuwa hazikutani hata kidogo. Nilimuuliza mmoja wao kwa heshima kwa nini wasije saa kumi na moja alfajiri. Alinijibu bila kuficha: "Mtendaji, gizani mimi na mwenzangu mmoja, nimsimamishe kwa mkono mtu wa trela lenye tani thelathini? Akinipita atasema hakuniona." Nikamwelewa. Hakuwa na gari wala taa ya barabarani.

Nilipeleka ile manila kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kutoka hapo diwani akaipeleka wilayani. Tuliomba mambo mawili: gari la polisi lenye taa liegeshwe mlangoni mwa kijiji alfajiri na jioni, hata kama si kila siku, na rasta, yale matuta madogo yanayotikisa gari, ziwekwe kabla ya kibao cha 50 pande zote mbili. Hoja iliyowagusa wajumbe ilikuwa ya hesabu nyepesi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde. Mpaka dereva aone kitu, ashtuke na kuikanyaga breki, zaidi ya mita 30 zimekwisha na gari bado halijaanza kupunguza. Taa za lori zikiwa chini, gunia jeusi gizani linaonekana ndani ya umbali huohuo. Tukawapeleka barabarani, mtu mmoja akasimama na gunia, mwingine akahesabu hatua.

Gari la polisi lilianza kuja siku za mnada, baadaye na siku nyingine chache. Rasta zilichukua muda mrefu, zikawekwa upande mmoja kwanza. Waliojenga karibu na barabara walilalamika kelele za matairi usiku, na nadhani wana haki ya kulalamika, ila waliomba zisiondolewe. Magari ya wakubwa bado hayapungui, hasa Bunge linapofunguliwa au kufungwa. Nasema hili waziwazi kwa sababu kijana wa trafiki hawezi kulisema: ukimwachia mwenye king'ora asiye na msafara wowote wa dharura, yule wa Fuso nyuma yake anajifunza.

Basi likianguka wakafa watu kumi na tano, Taifa zima linajua, viongozi wanafika, leseni zinafungiwa. Hawa wa baiskeli wanakufa mmojammoja. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, wenye baiskeli na wenye pikipiki. Kila tarehe 12 Aprili tunamkumbuka Edward Sokoine, Waziri Mkuu aliyefia kwenye barabara hiihii mwaka 1984, pale Dakawa, akitoka Dodoma. Mahali tunapajua, siku tunaijua. Kwa mbeba mkaa naomba angalau hayo mawili yaandikwe: mahali na siku, na saa yake.

Kuhusu taa nilijifunza jambo ambalo sikulitarajia. Tuliwahamasisha vijana wavae koti za reflekta na kufunga taa, wakaitikia vizuri mkutanoni, kisha usiku wakaondoka gizani vilevile. Fundi ndiye aliyeniambia sababu. Wengi hawana kibali cha mkaa, na wanaamini taa inamwita mtu wa maliasili. Wanakwenda gizani makusudi. Kwa hiyo serikali yetu inamtaka aonekane asigongwe, na yeye anajificha asikamatwe, akiwa mtu yuleyule usiku uleule. Nililisema wilayani kwamba ukaguzi wa mkaa ungefanyika mchana, vijijini na sokoni unakouzwa, na si barabarani usiku. Walioupokea ushauri ni wachache. Wanaouza kwa vikundi vyenye kibali walikubali kuwasha taa, na kwao nimeona tofauti.

Kwa wengine fundi alibuni kitu kidogo. Alikata dumu la njano la mafuta ya kula, akabandika utepe wa kung'aa unaowekwa nyuma ya malori, akatoboa matundu mawili na kulifunga kwa kamba juu ya gunia la mwisho. Halifunikwi na mzigo, haliwaki lenyewe, linang'aa likimulikwa na gari tu. Vijana walilipenda kwa sababu hiyo hasa. Nikapeleka wazo kwenye vijiji viwili vya jirani, na kimoja kikawa kinayatengeneza vizuri kuliko sisi.

Sasa nimehamishiwa kijiji kilicho mbali na lami. Bado napigiwa simu. Juzi alinipigia mwanamke nisiyemfahamu kutoka upande wa Bahi. Mdogo wake amegongwa na trela akiwa na baiskeli ya maziwa, msiba uko ndani, na mwenye gari ametuma ujumbe kuwa anakuja kuzungumza na wazee. Nilimuuliza lori liko wapi. Akasema liko kituoni, halijaachiwa. Nikamwambia amtume mtu mwenye simu nzuri aende saa hiyohiyo, aombe kupiga picha ya stika ya bima na namba zote mbili, ya kichwa na ya trela, na baiskeli isitoke mikononi mwa polisi. Wageni wakija na pole wapokelewe vizuri, wapewe na chakula. Karatasi yoyote watakayoleta isitiwe sahihi mpaka mke wa marehemu aisome mwenyewe.

"Hajui kusoma," akaniambia.

"Basi asomewe na mtu anayemwamini yeye," nikamjibu, "na mtendaji wenu nipe namba yake nizungumze naye."